Nani anaiamuru feni ya kompyuta yako, na kwa nini inavuma hivyo

Machi 2025, watu wengi wanaotumia Windows waliwasha kompyuta zao wakakuta Microsoft Defender, ule ulinzi unaokuja na Windows yenyewe, imezifungia programu walizokuwa wakizitumia kupunguza kelele za feni. Tangazo lilitaja kitu kinachoitwa WinRing0 na kukiweka kwenye kundi la zana za wadukuzi. Maswali yakawa mengi. Je, nimeingiliwa? Programu ya feni na wadukuzi wapi na wapi? Na nikiifuta, si kompyuta itaungua?

Kwa kifupi: tangazo hilo peke yake halina maana kwamba umeingiliwa, ingawa Defender haikukosea. Na ukiifuta programu, kompyuta haiungui, kwa sababu feni ilikuwa na msimamizi wake kabla hujaiweka programu hiyo, na msimamizi huyo bado yupo. Shida ni kwamba wengi hawamjui. Ndiyo maana kuna wanaoziacha feni zivume kwa nguvu zote mwaka mzima wakidhani ndio usalama, kuna wanaonunua feni mpya wakati ya zamani haina kosa, na kuna wanaokaa na kelele za kuumiza kichwa ofisini wakiamini hakuna la kufanya. La kufanya lipo, na mara nyingi ni la dakika kumi bila kutoa hata senti.

Feni inafanya nini hasa

Tuanzie chini kabisa. Prosesa, yaani chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta, inakula umeme, na karibu umeme wote huo unageuka kuwa joto. Prosesa ya kompyuta ya kawaida ya ofisini inaweza kutoa joto la wati 65 ikiwa kazini. Zile za wachezaji wa magemu na wahariri wa video hupita wati 150. Joto lote hilo linatoka kwenye eneo la sentimita chache tu za mraba. Juu ya prosesa hubanwa kipoozeo, pande la chuma lenye mapezi membamba, na katikati yao hupakwa dawa ya kijivu inayoziba vinafasi visivyoonekana kwa macho. Joto linatoka kwenye chipu, linaingia kwenye chuma, linasambaa kwenye mapezi, na hapo feni inapitisha hewa ya kulichukua. Feni nyingine, zile zilizofungwa kwenye kasha, zinaingiza hewa ya nje na kuitoa ile iliyokwisha kupata moto.

Kwa hiyo feni haitengenezi baridi. Inahamisha hewa tu. Hakuna feni ya bei yoyote itakayoishusha prosesa chini ya joto la chumba ilimo. Ukiwa Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari, chumba kikiwa na nyuzi 32, hesabu yako inaanzia 32. Mtu anatazama video iliyorekodiwa Ulaya kwenye chumba cha nyuzi 20, anaona prosesa ya mwenzake ina nyuzi 58, ya kwake ya aina ileile ina 70, anaanza kuhangaika. Hakuna kilichoharibika. Feni ikiwa kwenye kasi ileile na kazi ikiwa ileile, chumba kikiongezeka nyuzi 12, prosesa nayo hupanda karibu nyuzi hizo hizo 12.

Wa Nairobi wana habari nyingine ambayo husahaulika. Mji wao uko juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 17 hivi. Feni inasukuma ujazo uleule, ila ndani ya ujazo huo hewa yenyewe ni haba, hivyo inabeba joto pungufu. Ubaridi wa mji ndio unaofidia. Anayepanga mashine nyingi kwenye chumba kimoja kidogo kisicho na dirisha, akitegemea kwamba Nairobi ni baridi, atalipata jibu lake mchana.

Nyuzi ngapi ni nyingi

Kompyuta ya mezani ikiwa imetulia, prosesa kuwa kati ya nyuzi 35 na 50 ni kawaida. Ikifanya kazi nzito, 60 hadi 80 bado ni kawaida. Prosesa nyingi za Intel zimewekewa kikomo cha nyuzi 100, na za AMD Ryzen za mfululizo wa 7000 kikomo chake ni 95. Prosesa ikikaribia kikomo hicho inajipunguzia mwendo yenyewe ili joto lishuke, na hali ikizidi kuwa mbaya kompyuta inazima ghafla.

Hapa ndipo hofu ya kwanza inapokufa. Feni ikizunguka polepole kuliko inavyotakiwa, prosesa ya leo haiungui, inakuwa nzito. Utaona video inachelewa kutoka, gemu linakwamakwama, mashine inafanya kazi vizuri dakika tano za kwanza kisha inachoka. Hiyo ndiyo dalili ya joto, na watu wengi huidhania virusi wakaenda kupiga Windows upya. Windows mpya haipoozi prosesa.

Hesabu pini kabla ya jambo lolote

Chomoa waya wa feni na utazame kichwa chake. Idadi ya matundu inakwambia feni hiyo inaweza kuamriwa vipi.

Yenye nyaya mbili inapokea umeme tu, hasi na chanya ya volti 12. Inazunguka, basi, haina habari ya kumpa mtu. Yenye tatu inaongeza waya wa taarifa: kila feni inapomaliza mzunguko mmoja, inatuma mapigo mawili kwenda kwenye ubao mama, yaani ule ubao mkubwa unaobeba prosesa na kuunganisha vifaa vyote. Ubao mama ukihesabu mapigo 40 kwa sekunde, unajua feni imezunguka mara 20 kwa sekunde hiyo, sawa na mizunguko 1,200 kwa dakika. Namba zile unazoziona kwenye kioo pembeni ya neno RPM zinatoka huko.

Lakini kutoa taarifa si kupokea amri. Ili kuipunguza mwendo feni ya pini tatu, ubao mama hauna njia ila kuipunguzia umeme: badala ya volti 12 inapewa 9, au 7. Njia hii inafanya kazi, na ina mpaka. Umeme ukishuka sana mota inakosa nguvu ya kuanza kuzunguka. Feni nyingi huanza kusuasua zikikaribia volti 5, na nyingine haziwaki kabisa.

Pini ya nne ilikuja kuondoa tatizo hilo. Miaka ya kati ya 2000 Intel walichapisha maelezo ya feni ya nyaya nne, na watengenezaji wengine wakayafuata. Feni hii inapewa volti 12 kamili wakati wote, na waya wa nne unabeba amri inayoitwa PWM: ishara inayowaka na kuzima mara 25,000 hivi kila sekunde. Ishara ikiwa imewaka nusu ya muda, feni inasoma hiyo kuwa asilimia 50. Ikiwa imewaka muda wote, ni asilimia 100. Mwendesha baiskeli aliye kwenye barabara tambarare hupiga pedali kidogo, akaachia, akapiga tena. Baiskeli haisimami katikati kwa sababu mwendo wake unaibeba, na kadiri anavyoachia muda mrefu ndivyo inavyokwenda polepole. Mota ya feni inaendeshwa hivyo hivyo, isipokuwa kupiga na kuachia kunafanyika kwa kasi ambayo hakuna jicho wala sikio la kuifuata. Ile 25,000 ina sababu yake: sikio la binadamu huishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, hivyo kuwaka na kuzima kwa ishara hakusikiki kama mluzi.

Sasa sikiliza hili vizuri, maana ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko mengine yote. Feni ya pini tatu inaingia bila shida kwenye soketi ya pini nne. Ila soketi hiyo ikiwa imepangwa kutoa amri kwa njia ya PWM, amri inapita kwenye pini ya nne ambayo feni yako haina, na volti zinabaki 12. Feni inavuma kwa nguvu zote, hata uchezee namba namna gani. Mtu anasema feni ni mbovu, ananunua nyingine ya pini tatu, hadithi inajirudia. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya ubao mama, ambayo tutaifikia mbele, na kubadili soketi hiyo kutoka PWM kwenda DC, ili ubao mama uanze kuipunguzia volti. Baadhi ya bao mama za karibuni zinatambua zenyewe zikiachwa kwenye Auto. Nyingi za zamani hazitambui.

Kuna na feni za makasha ya bei ndogo, yale yenye taa za rangi, ambazo waya wake una kichwa kikubwa cha plastiki chenye matundu manne kinachoingia moja kwa moja kwenye waya wa pawasapulai, lile sanduku linalogawa umeme ndani ya kompyuta. Zile hazipiti kwenye ubao mama kabisa. Hakuna programu wala mpangilio utakaozigusa. Ukinunua kasha, liangalie jambo hilo kabla ya kuangalia taa. Na waya wa taa ni kitu kingine mbali na waya wa feni: taa za pini tatu ni za volti 5, na ukizilazimisha kwenye soketi ya taa za volti 12 umeziaga.

Msimamizi mwenyewe

Kwenye ubao mama kuna chipu ndogo, mara nyingi ya Nuvoton au ITE, yenye kazi ya kusoma vihisi joto, kuhesabu mapigo ya feni na kutoa amri. Inafuata maelekezo yaliyohifadhiwa kwenye BIOS, yaani ile programu ya msingi inayoamka kabla ya Windows. Ndiye msimamizi niliyemtaja mwanzoni. Anafanya kazi Windows ikiwepo, ikiwa imeharibika, au hata kama hujaweka kabisa. Kwa hiyo programu ya feni ni mtu wa pili anayekuja juu yake. Akiondoka, wa kwanza anaendelea.

Kumfikia, washa kompyuta huku ukibonyeza Delete au F2 mfululizo. Kwenye ubao wa ASUS tafuta Q-Fan, kwenye Gigabyte tafuta Smart Fan, kwenye MSI fungua Hardware Monitor, kwenye ASRock ni Fan-Tastic Tuning. Majina tofauti, kitu kimoja: mchoro wenye nyuzi joto chini na asilimia za kasi pembeni, na mstari wenye nukta nne au tano unazoweza kuzisogeza. Mstari huo ndio moyo wa habari yote. Hapo hupangi kasi ya feni. Unapanga sheria: joto likiwa kadhaa, kasi iwe kadhaa.

Tuseme una kompyuta ya mezani yenye prosesa ya wati 65 na kipoozeo cha kawaida. Mstari unaofaa kuanzia ni huu: hadi nyuzi 55 feni ikae asilimia 35, kwenye 65 iwe 50, kwenye 75 iwe 70, kwenye 85 ifike 100. Jambo la kutazama ni sehemu ya mwanzo iliyolala. Mistari mingi ya kiwandani huanza kupanda mapema, kwenye nyuzi 40 hivi, na hapo ndipo kero inapozaliwa. Ukifungua ukurasa mmoja tu wa intaneti, joto la prosesa linaruka kutoka 45 hadi 62 ndani ya sekunde moja, kisha linashuka. Feni inafuata: inavuma, inatulia, inavuma, inatulia. Sikio huizoea sauti inayodumu hata kama si ndogo. Sauti inayopanda na kushuka haizoeleki. Watu wengi wanaolalamikia kelele, ukikaa nao, wanalalamikia huko kupandapanda.

Kitu cha pili cha kupanga ni ucheleweshaji. Kwenye mchoro uleule au chini yake kuna sehemu ya sekunde, kwa majina kama Step Up, Step Down au Smoothing. Ukiweka sekunde chache, feni haitaitikia mruko wa ghafla. Itasubiri ione kama joto limekusudia kubaki. Hakuna hatari hapo. Kinachoruka ni joto la chipu. Kipoozeo ni chuma kizito kinachochukua muda kupata moto, na feni inapoza kipoozeo. Kukimbia kwa sekunde moja ya joto ambalo bado halijafika kwenye mapezi ni kupuliza hewa bure.

Feni za kwenye kasha mara nyingi nazo zimefungamanishwa na joto la prosesa bila sababu ya maana. Kazi yao ni kubadilisha hewa ya ndani, na hewa ya ndani haibadiliki kila sekunde. Zifungamanishe na kihisi cha ubao mama, au ziache asilimia 40 hadi 50 zisizobadilika. Kama mashine yako inapoozwa kwa maji, pampu yake usiipangie mstari wa kupanda na kushuka. Iache kwenye kasi moja ya juu ambayo mtengenezaji ameielekeza, kisha zipangie feni zake tu.

Kwa nini asilimia 100 ni hasara

Wapo wanaoamini kwamba feni zikizunguka kwa nguvu zote muda wote, kompyuta itaishi miaka mingi. Hesabu inasema vingine. Ukiipunguza feni mwendo kwa nusu, hewa inayopita inapungua kwa nusu, ila kelele inashuka kwa desibeli kama 15, na sikio hupokea upungufu wa desibeli 10 kana kwamba sauti imepungua nusu nzima. Ukienda upande wa pili, kutoka asilimia 70 hadi 100, unapata hewa zaidi, lakini joto la prosesa linashuka nyuzi chache tu, kwa sababu kinachokwamisha sasa ni jinsi joto linavyosafiri kutoka kwenye chipu hadi kwenye chuma. Kelele haishuki, inakufuata hadi chumba cha pili. Kwa sababu hiyo hiyo feni mbili za milimita 120 zinazozunguka mara 800 kwa dakika ni bora kukaa nazo kuliko moja inayozunguka mara 1,600, ingawa hewa zinazopitisha hazipishani sana.

Gharama nyingine ya asilimia 100 ni vumbi. Hewa nyingi inayoingia ni vumbi jingi linaloingia, na mji wenye barabara za vumbi hauna huruma. Baada ya miezi kadhaa mapezi ya kipoozeo yanazibwa na tabaka la kijivu kama blanketi, hewa haipiti, na mashine inapata moto zaidi kuliko ile iliyopangwa vizuri. Beringi za feni nazo zinachakaa haraka. Tena kuna wanaoogopa umeme. Huo si mwingi: feni ya kawaida ya kasha inatumia wati moja hadi nne. Usipunguze feni kwa ajili ya luku. Ipunguze kwa ajili ya masikio na vumbi.

Unapopuliza vumbi hilo kwa blowa, ishike feni kwa kidole isizunguke. Upepo wa blowa unaizungusha kwa kasi ambayo haikutengenezewa, na beringi ndizo zinazoumia.

Kufungua ubavu wa kasha ili mashine ipumue nako kuna sifa isiyostahili. Joto linaweza kushuka kidogo mwanzoni, hasa kasha likiwa limetengenezwa vibaya. Lakini kwenye kasha lililopangwa, hewa inaingia mbele na kutoka nyuma kwa njia moja. Ukifungua ubavu njia hiyo inavunjika, na vumbi linakaribishwa lote. Kama kufungua ubavu kunashusha joto kwa nyuzi kumi, hiyo ni taarifa kwamba sehemu ya mbele ya kasha imeziba, labda chujio halijasafishwa. Safisha, funga.

Wengine hukutana na tangazo jeusi la CPU Fan Error pale tu wanapopunguza kasi. Wanadhani wameharibu. Kinachotokea ni kwamba ubao mama una kiwango cha chini cha mizunguko, kwenye ASUS mara nyingi ni 600 au pungufu, na feni yako sasa inazunguka chini ya hapo. Shusha kiwango hicho hadi 300 au 200, au pandisha feni kidogo. Tangazo hilohilo likija bila wewe kubadili chochote, kagua kama feni ya prosesa imechomekwa kwenye soketi iliyoandikwa CPU_FAN na si nyingine, na kama inazunguka kweli.

Na wenye kadi kubwa za grafiki: feni zake zikiwa zimesimama tuli wakati unaandika barua, hazijafa. Kadi nyingi za miaka hii huziacha zisizunguke mpaka joto lifike nyuzi 50 au 60 hivi. Kadi ina msimamizi wake wa feni, tofauti na wa ubao mama.

Mashine za maofisini zilizoletwa tena

Sehemu kubwa ya kompyuta za mezani zinazouzwa Afrika Mashariki ni Dell, HP na Lenovo zilizokwisha kutumika maofisini ng'ambo. Ukiingia BIOS ya mashine hizi ukitafuta mchoro wenye nukta, hutauona. Waliozitengeneza walifunga mpangilio wa feni, na HP nyingi zinakuruhusu tu kupandisha kasi ya chini kabisa. Baadhi ya Dell hata kichwa cha waya wa feni kina pini tano zilizopangwa kivyao, kwa hiyo feni ya dukani haiingii hivihivi.

Mashine hizi zinapovuma, kasi huwa ni matokeo ya kitu kingine, na nasema hivi kwa mkazo kwa sababu wenye shule na maofisi madogo wanatoa hela nyingi bila sababu. Kwanza, vumbi. Pili, ile dawa ya kijivu imekauka baada ya miaka sita au saba, imekuwa unga, na joto halivuki. Tatu, kile kifuniko cheusi cha plastiki kinachoelekeza hewa kutoka feni ya mbele hadi kwenye kipoozeo kimetupwa na aliyefungua mwisho akiona hakina kazi. Kina kazi. Nne, kihisi kimechomolewa au kimebadilishwa: mashine ambayo haioni joto lake huchagua kuvuma kwa nguvu zote, na imetengenezwa kufanya hivyo kwa makusudi. Wamiliki wa iMac za 2009 hadi 2011 wanalijua hili vizuri, kwani ukibadilisha diski ya ndani bila kushughulikia kihisi chake, feni inapanda hadi mwisho na haishuki.

Feni ya ndani ya pawasapulai iache. Inajiendesha yenyewe, na ndani ya sanduku lile kuna umeme uliohifadhiwa unaoweza kukuumiza hata waya wa ukutani ukiwa umechomolewa.

Turudi kwenye Defender

Kama BIOS inatosha, programu kama FanControl zina kazi gani? Zina moja ya maana sana: BIOS kwa kawaida haioni joto la kadi ya grafiki. Mchezaji wa magemu anataka feni za kasha zipande kadi inapopata moto, na kwa hilo anahitaji programu inayosoma pande zote mbili. Kwa wengine wote, wa ofisi, wa shule, wa nyumbani, mstari wa BIOS unatosha na unadumu.

Ili kuzungumza na ile chipu ya ubao mama, programu inahitaji kupita chini ya Windows, sehemu ambayo programu za kawaida haziruhusiwi kufika. WinRing0 ndiyo ngazi iliyotumiwa na nyingi kushuka huko. Udhaifu wake umejulikana hadharani tangu 2020: programu nyingine yenye nia mbaya ikiingia kwenye kompyuta inaweza kuikuta ngazi hiyo imeegemezwa na kuishukia. Kwa hiyo mwenye programu ya feni hakuwa mdukuzi, na Defender ilikuwa na hoja. Pakua toleo jipya kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe, lililokwisha kuachana na WinRing0. Toleo la zamani usilipe ruhusa ya kudumu ili tu tangazo linyamaze. Kwa wasiotumia Windows bali Linux, kuna lm-sensors ya kusoma joto na fancontrol ya kuamuru feni. Kumbuka tu kwamba kifaa cha kuzipanga, pwmconfig, husimamisha feni moja moja wakati wa kuzitambua, kwa hiyo usikiendeshe mashine ikiwa katikati ya kazi nzito.

Ukishapanga mstari wako, upime kwa haki. Funga ubavu wa kasha, chagua saa nane mchana badala ya alfajiri, ipe kompyuta kazi nzito ya nusu saa kama kubadilisha video ndefu, na utazame nyuzi zinasimama wapi. Zikituama chini ya 80 na feni haijafika mwisho, umemaliza. Zikipita 90, pandisha nukta za juu kidogo kidogo. Na ikiwa feni iko asilimia 100 na joto bado linapanda, acha kuhangaika na kasi: fungua kipoozeo, futa dawa ya zamani, paka mpya kiasi cha punje ya dengu, na ukibane upya pembe zote nne zikae sawa.